Vitabu vya watoto vyenye wahusika wenye ulemavu au maradhi: tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, yuko darasa la tatu, na anapenda hadithi kuliko katuni. Tatizo ni kwamba vitabu vingi ninavyompatia, mtoto mgonjwa ama anakufa, ama anapona ghafla ukurasa wa mwisho. Wangu anaishi nayo. Anameza vidonge vya foliki kila siku, anakunywa maji mengi, baridi ikiingia anavaa sweta mbili. Mifupa ikimshika tunalazwa, akitoka anarudi kuruka kamba na kugombana na wenzake. Natafuta kitabu chenye mtoto wa hivyo. Kwa sasa tunatunga wenyewe kwenye daftari la kuchorea, na amenipa sharti: pasiwe na mtu mzima anayemlilia mhusika wake. Ninyi mmesoma nini na watoto, na wao walisemaje?

Ticha wa Uyole:
Hongera mama kwa hilo daftari. Mimi nina Emmanuel's Dream, kitabu cha picha cha mwaka 2015. Ni kisa cha kweli cha Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana, aliyezaliwa na mguu mmoja wenye kasoro, na mwaka 2001 akakatiza nchi yake kwa baiskeli, karibu kilomita 600, akipiga pedali kwa mguu mmoja. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo nasimulia kwa Kiswahili huku nikiwaonyesha picha. Darasani nina mvulana wa magongo. Wenzake walishangilia safari, yeye akanyoosha mkono: "Ticha, akishapanda, magongo anayaweka wapi?" Kipindi kizima kikaishia hapo, kila mtu ana jibu lake la kuyafunga, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakosoa. Sijawahi kuwaona wakimsikiliza vile.

Mwana wa Ziwa:
Nina ualbino, sasa ni mtu mzima. Golden Boy cha Tara Sullivan (2013) kinamhusu kijana wa Kitanzania mwenye ualbino anayekimbia Kanda ya Ziwa kuokoa maisha yake. Ni kizuri, na hatari anayoikimbia tumeiishi, ila kinawafaa waliokwisha kukua. Mdogo msimpe hofu kabla hajapewa furaha. Mpeni mhusika mwenye kofia pana na shati la mikono mirefu, anayehamia dawati la mbele ili aone ubao, halafu anaendelea na mambo yake. Na jamani, wachapaji! Mnatuandikia hadithi ya mtoto mwenye uoni hafifu kwa herufi kama sisimizi. Atasomewa mpaka lini?

Mzee wa Alama:
Mwanangu ni kiziwi, anaongea kwa lugha ya alama. Kwetu anayetakiwa kuwa makini ni mchoraji. Mikono ya mhusika ikichorwa ovyo, mwanangu anakisukuma kitabu: huyu hasemi kitu.

Shangazi Mkubwa:
Ninayemlea ana kifafa, na cha Kiswahili chenye mtoto wa kifafa sijakiona. Yeye mwenyewe ndiye amewafundisha binamu zake: nikianguka nilazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu, msinitie kijiko mdomoni, angalieni saa, ikipita dakika tano nikimbizeni hospitali. Wanaigiza uani, wanapeana zamu ya kuanguka. Mwandishi yeyote anayepita hapa, hadithi hiyo ichukue uiandike. Na mwenye kitabu cha Kiswahili aweke jina, tukitafute.