Naomba ushauri: mdogo wangu ameshikiliwa siku ya tatu kwa chapisho la mtandaoni

MwanaMgeta
Ndugu zangu, naomba mnisome kwa utulivu. Mdogo wangu wa kiume alichukuliwa alfajiri ya Jumatatu na watu waliojitambulisha kuwa ni askari, na leo Jumatano bado hajafikishwa mahakamani. Tumeambiwa anatuhumiwa kusambaza taarifa za uongo mtandaoni. Chapisho lenyewe, kwa jinsi ninavyosikia, lilihoji kwa nini zahanati ya kata yetu imeishia hatua ya lenta ilhali fedha zote zilitangazwa kuwa zimetoka, na lilimtaja kiongozi mmoja kwa cheo chake. Mama hali wala halali. Mjomba anataka tukazungumze na wakubwa ili yaishe kimya kimya. Swali langu ni moja tu: tukiifuta akaunti hiyo usiku huu, shauri litapungua uzito?

MamaZawadi
Pole sana, mwanangu. Mimi kijana wangu alishikiliwa kwa ujumbe alioutuma katika kundi la WhatsApp la mtaa, nikakaa nje ya kituo siku nne nikiwa na chupa ya chai na shuka ambalo hawakulipokea. Siku ya tano alitoka bila shtaka lolote, lakini simu yake hatujarudishiwa hadi leo, na yeye mwenyewe hajaandika tena hata salamu za sikukuu. Mpelekeeni chakula kila siku, na anayekipeleka awe mtu yuleyule, ili askari wa zamu wamzoee.

Karani Mstaafu
Dada, nimefanya kazi ya masjala ya mahakama kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo anapaswa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Zikipita, wakili anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu ili wanaomshikilia waamriwe kumleta na kueleza sababu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bila malipo, basi msianze na bahasha ya mjomba.

Kuhusu kufuta, nakusihi usiguse kitu. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayeharibu, anayefuta au anayeficha data inayohitajika katika uchunguzi, na kosa hilo linasimama peke yake hata kama chapisho lenyewe halikuwa na kosa. Ila kuna jambo umelipita haraka: mdogo wako yuko mahabusu na simu yake bila shaka wanayo wao. Nani huyo anayeweza kuifuta akaunti usiku huu?

Mzee wa Ujiji
Vijana wanapaswa kuchunga ndimi zao. Mwaka 2016 kijana mmoja alihukumiwa Arusha kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3 kwa kumkashifu Rais kwenye Facebook. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, haikutoa ruhusa ya kuwavunjia watu heshima. Sisi tulikuwa na malalamiko tukamwendea mjumbe wa nyumba kumi.

Kijana wa Nyegezi
Mzee wangu, shikamoo, lakini aliyeuliza habari za lenta ya zahanati hajamvunjia mtu heshima. Kifungu cha 16 cha hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao, chenye adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, kinamtaka mshtaki athibitishe kwamba mwandishi alijua anachokisema ni uongo. Na heshima ya umri haikumkinga mtu. Dk. Wilbrod Slaa, balozi wa zamani, alishtakiwa kwa kifungu hichohicho Januari 2025, akakaa rumande hadi mwishoni mwa Februari, ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka alipoliondoa shauri. Wiki hizo zote zilikwenda kabla shahidi hajasikilizwa.

MwanaMgeta
Karani, nenosiri ninalo mimi. Ni jambo la kawaida katika familia. Picha ya ubao wa tangazo la fedha ilikuwa sahihi, hata tarehe yake inasomeka, kwa hiyo sidhani kama uongo unaweza kuthibitishwa. Lakini nimeshaamua kuifuta, na nauli ya basi kwenda kwa shangazi ninayo.

Kijana wa Nyegezi
Dada, mwanzo uliandika "kwa jinsi ninavyosikia", na sasa unaikumbuka hadi tarehe iliyo kwenye picha. Tena anayetaka kusafiri ni wewe, si mama yako wala mjomba. Nani aliandika?

MwanaMgeta
Niliandika mimi.

Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole vyake mwanzoni mwa mwaka 2020, namba yangu ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ilipokuwa haijatoka na laini zilikuwa zikifungwa. Tangu hapo naitumia mimi, na akaunti niliifungua kwa laini hiyo. Walipotafuta mwenye namba wakamkuta yeye. Msinihukumu kabla ya kunielewa: mimi ni mwalimu wa mkataba, mshahara wangu ndio unaonunua dawa za mama, na tukiingia ndani wote wawili hakuna atakayebaki naye. Nilidhani akaunti ikitoweka watakosa cha kumshikia.

Fundi_Saa
Mimi uzi huu unanitia shaka kubwa. Mwandishi amejiunga wiki hii, simulizi yake imebadilika mara mbili, na swali lake linawaalika wasomaji kumshauri afute ushahidi. Atakayesema "futa" kesho ataitwa mshiriki. Kama ni kweli, aweke picha ya namba ya jalada tuione.

MamaZawadi
Nimeisoma tena tangu mwanzo na sasa hata mimi naogopa. Nimetaja habari za kijana wangu hapa.

Karani Mstaafu
Dada, usiweke namba ya jalada, kwa sababu itamtambulisha mdogo wako kwa kila mpita njia. Fundi, hofu yako naielewa. Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kutoa taarifa za watu waliochangia kama tunavyochangia sisi hapa, na Aprili 2020 alitozwa faini ya shilingi milioni 3 kwa kuzuia uchunguzi. Ndiyo maana kila mgeni mwenye shida sasa tunamdhania kuwa ni mtego. Lakini nilichomshauri ningemshauri hata mpelelezi: usifute, usikimbie, na usiende kituoni peke yako kukiri. Mweleze wakili kila kitu, kwa sababu ile picha ya ubao unayotaka kuiteketeza ndiyo utetezi wenu.

Mzee wa Ujiji
Kama ni kweli, binti, basi nayaondoa niliyosema juu ya ndimi za vijana. Mwalimu aliyeulizia zahanati ameuliza la haki. Lakini usimwache mdogo wako alipe deni lako hata usiku mmoja zaidi.

MwanaMgeta
Sina namna ya kumthibitishia Fundi bila kuwaumiza watu wangu, kwa hiyo asiyeniamini aniache. Sikufuta. Simu nimeizima na kumkabidhi wakili aliyefika mchana, na kesho asubuhi nitakwenda naye, si kwa shangazi. Wakili ameruhusiwa kumwona mdogo wangu kwa dakika chache. Anasema mdogo wangu amekwisha kusaini maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayochukuliwa polisi, na humo ameandika kwamba akaunti ni yake, zahanati aliipiga picha yeye, na dada yake hajui kabisa kutumia mitandao.