Naomba ushauri: kupakia mabati na simenti kwenye pikapu

Ndugu zangu, jambo kwenu nyote. Ninakarabati nyumba ya wazazi huku Panzi, mjini Bukavu, na vifaa ninavinunua Kadutu, mtaa mwingine wa mji huu. Gari langu ni Hilux ya milango minne, ambayo sehemu yake ya mzigo ina urefu wa karibu mita 1.5, ilhali mabati ni ya mita 3, kwa hiyo nikiyalaza chini nusu nzima inaning'inia nje na kupigapiga kila gurudumu linapoingia shimoni, mpaka kamba inakatwa na ukingo wa bati. Je, nitengenezewe fremu ya chuma juu ya kabini, au niyafunge kwa ubao chini na juu?

Simenti nayo inanitatiza. Mifuko 15 ya kilo 50 ni kilo 750, uzito ambao gari linaumudu kwenye tambarare (tambarare yenyewe Bukavu ni ya kutafuta!), lakini mlimani usukani unakuwa mwepesi mno. Nadhani mifuko isogezwe mbele, karibu na kabini. Wenye uzoefu, mnapakia mingapi msimu huu wa mvua, na mnaifunika kwa kitu gani?