Mzazi wa Eastleigh na mlango wa kituo cha polisi

Mchangiaji aliyetangulia amedai kwamba familia za Kisomali na Kioromo za Eastleigh, Nairobi, huwaficha watoto wao walioingia kwenye magenge, na kwamba Nyumba Kumi, mpango wa majirani kushirikiana na polisi katika ulinzi, imekufa mikononi mwao. Naomba kutofautiana naye.

Mchukulie mama aliyekuta simu tatu zisizo za nyumbani chini ya godoro la mwanawe wa miaka 16. Huyo ndiye wa kwanza kujua, kabla ya chifu, kabla ya OCS (mkuu wa kituo cha polisi), na pengine miezi kadhaa kabla ya kisu cha kwanza kuchomolewa. Akifika kituoni, ataulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa habari za simu. Na ikiwa kadi yake ya mkimbizi muda wake umekwisha, au inaonyesha kwamba alipaswa kuwa kambini Dadaab, mleta taarifa amegeuka mshukiwa, na kitakachomtoa ni noti. Wakazi hawa hawajasahau Aprili 2014, operesheni ya polisi ya Usalama Watch ilipozoa maelfu ya watu na kuwarundika wengi wao katika uwanja wa Kasarani, ilhali kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtoto wa miaka minane aliyemwona babake akipandishwa karandinga wakati ule, leo ni mtu mzima.

Ninachopendekeza ni kidogo: dawati moja ambalo mzazi anayeleta habari za mtoto haulizwi karatasi, lenye askari anayejua Kisomali na asiyehamishwa kabla majirani hawajalijua jina lake. Vikao vya chai na wazee (chai ya kunywa, naomba nieleweke) vimefanyika vingi, lakini wanaoalikwa ni wenye maduka, wala si akina mama wenye hao watoto.

Jibu: Ndugu yangu, mimi ni mmoja wa hao wenye maduka, tena mhamiaji. Genge la Super Power lilipotamba, walioporwa tulikuwa sisi wenyewe. Machi 2017, ilipoenea video ya askari asiye na sare akiwapiga risasi vijana wawili hadharani mtaani kwetu, wapo wenzetu waliomtetea. Mimi nilinyamaza, na kimya hicho kinanisumbua hadi leo. Kwa hiyo sipingi dawati lako, ila naliona tundu lake. Mama huyo haogopi karatasi tu. Anaogopa kwamba jina la mwanawe, akishalitaja, litafika kwa askari wa namna ile kabla halijafika kwa hakimu, au litauzwa kwa genge lenyewe. Basi tuambie, daftari la dawati hilo litafungiwa wapi, na ufunguo atakaa nao nani?