Kupiga kambi bwawa la Dillon na mama aliyetoka Tanga, inafaa?

Binti_Chumbageni: Habari zenu wakuu. Tunaishi Aurora, Colorado. Mama amekuja kututembelea kutoka Tanga, ana miaka 68 na anameza dawa za presha. Tumepata nafasi Heaton Bay, pembeni ya bwawa la Dillon, Msitu wa Taifa wa White River, wikendi moja ya Julai. Mume wangu anasema kule ni juu mno kwa mama. Mama anasema hakupanda ndege kuja kulinda friji. Nifanyeje? Na tupike nini? Yeye bila maharage hajala.

Mzee_wa_Colfax: Shemeji ana hoja. Dillon iko kama mita 2,750 juu ya usawa wa bahari, na kabla hamjafika mnapita handaki la Eisenhower, mita 3,400. Bi mkubwa katoka kwenye sifuri. Ana muda gani hapa? Kama ndiyo kwanza ameshuka, ahirisheni.

Binti_Chumbageni: Wiki ya tatu hii.

NesiMstaafu: Hapo sawa kidogo, Aurora nayo ni mita 1,600 na ushee, mwili umeshaanza kuzoea hewa nyepesi. Lakini aonwe na daktari kwanza, apimwe presha, aulizwe na hizo dawa. Mkifika, siku ya kwanza akae kitini, anywe maji, asipande vilima. Kichwa kuuma na usingizi kukatika ni mambo ya kawaida kule. Akihema hali amekaa, akiyumba au akiongea visivyoeleweka, msingoje kukuche: pigeni 911, namba ya dharura. Watu hufa kwa kuona haya kumsumbua daktari usiku.

Mukivu: Mimi mutu wa Bukavu, nikiona maji natoa viatu. Pale hapana! Kuogelea ni marufuku, maji yale yanapita chini ya milima kwa handaki la Roberts, kilomita 37 hivi, Denver wanayanywa. Mtumbwi unaruhusiwa, kuvua pia, lakini chukua leseni. Waambie watoto mapema, wasilie.

Kaka_Jiko: Maharage chemsha nyumbani, yagandishe, kule ni kupasha tu. Kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi tu, maharage makavu utayachemsha mpaka gesi iishe. Ugali unakubali, uupe muda zaidi. Na beba jiko la gesi hata kama una kuni, maana kukiwa na ukame moto wa kuni hupigwa marufuku.

Mzee_wa_Colfax: Dubu wapo. Chakula chote kifungiwe garini au kwenye kabati la chuma kama lipo, pamoja na kila chenye harufu: dawa ya meno, mafuta ya nazi na udi wa bi mkubwa. Hemani kisiingie hata biskuti.

Binti_Chumbageni: Udi?! Hapo patakuwa na kesi 😂

NesiMstaafu: Baridi msiidharau. Usiku wa Julai huweza kufika nyuzi 3. Mama apewe kitanda cha kukunja, asilale chini, soksi za sufi na kofia. Mchana radi hupenda kuja baada ya saa saba, mwe mmeshatoka majini.

Binti_Chumbageni: Nimewasoma. Miadi ya daktari ni Alhamisi. Akikataa, mume wangu atabaki na mama, mimi nakwenda na watoto. Hilo la pili sijamwambia bado.

Mzee_wa_Colfax: Yupi, mama au mume?

Binti_Chumbageni: Wote.