Kioo kipi kwa banda la gemu Ngamiani: chogo, TV ya 4K, monita au OLED ya mtumba?

MwanaNgamiani
Habari za jioni wakuu. Nina banda la gemu hapa Ngamiani, Tanga, karibu na soko. PlayStation 2 (PS2) mbili, PS4 mbili za kawaida (si Pro), na karibu wateja wote ni wa mpira: PES kwenye PS2, FIFA 23 kwenye PS4. PS2 ziko kwenye chogo, zile TV za zamani zenye mgongo mnene, za inchi 21. PS4 moja imebaki bila kioo tangu juzi, umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu ukaondoka na TV yangu.

Nimezunguka madukani na kwa watu wa mtumba, nimebaki na njia nne. Chogo nyingine, jirani anaiuza kwa bei ya kutupa. TV mpya ya inchi 43 ya 4K. Monita ya inchi 24 ya 144Hz, yaani picha 144 kwa sekunde. Au OLED ya inchi 48 iliyotumika, mwenyewe anapunguza bei kila nikipita. Uchambuzi mwingi niliousoma unaisifu OLED kuliko kioo chochote kwa gemu. Nisaidieni kabla hela haijapata kazi nyingine.

Kipa wa Mabawa
Beba OLED mkuu. Kila pikseli inawaka na kuzima yenyewe, nyeusi ni nyeusi kweli, na mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma. Nilicheza kwa shemeji yangu Dar, niliporudi kwenye TV yangu nikaona kama kuna moshi uwanjani.

FundiMakorora
Kuhusu picha Kipa hajakosea, ila hiyo ni sebule ya shemeji. Banda lina mambo yake. FIFA inaweka ubao wa magoli kona ya juu kushoto, hapo hapo, mechi nzima. OLED huchakaa kadiri inavyowaka, na sehemu inayowaka muda mrefu kuliko nyingine ndiyo inayoacha alama. Ukifungua saa nne asubuhi ukafunga saa nne usiku, hizo ni saa 12 za ubao ule ule kila siku. Alama ikishakaa haitoki. Na kwa kuwa ni ya mtumba, kabla hujatoa hata shilingi weka picha ya kijivu tupu kioo kizima uone kama nembo ya kituo cha TV imeshajichora.

4K: PS4 ya kawaida inatoa 1080p, yaani mistari 1080 ya picha, nusu ya mistari ya 4K, basi. 144Hz: PS4 inaishia picha 60 kwa sekunde, hizo nyingine utazilipia bure mpaka siku utakayoleta PS5, ambayo inaweza kufika 120.

Kitu ambacho mteja atakisikia mkononi ni muda kati ya kubonyeza kitufe na mchezaji kuitika. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha inachukua milisekunde 16.7. TV ikiachwa kwenye mpangilio wa kutazamia filamu, inaichukua picha, inaing'arisha, inalainisha mwendo, ndipo inakuonyesha. Hapo unaweza kuwa umepoteza picha tano au sita. Mtoto anafungwa, anasema padi mbovu. Nimeletewa padi nyingi za namna hiyo mezani kwangu, nazifungua, nzima kabisa.

Chogo haina hayo. Mawimbi yakiingia yanachorwa papo hapo, mstari kwa mstari. PS2 yetu ya PAL, mfumo wa picha wa TV za huku kwetu, inatoa mistari 576 kwa mafungu mawili yanayopishana. TV bapa inabidi iyashone mafungu hayo kwanza, ukungu na uzito wa kuitika vinaanzia hapo. Kwa hiyo chogo za PS2 usiziguse. Lakini PS4 inatoa picha kwa waya wa HDMI tu, na chogo haina tundu lake. Hata ukiweka kigeuzi, kwenye chogo maandishi hayasomeki. Na nawaomba sana, msifungue chogo wenyewe. Ndani mna zaidi ya volti 20,000, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

MwanaNgamiani
Fundi, shikamoo. Basi ni TV ya 43 au monita?

FundiMakorora
Marahaba. Wateja wanakaaje?

MwanaNgamiani
Wawili kwenye benchi, watano sita wamesimama pembeni wanasubiri zamu. Mlango uko wazi, mwanga unaingia mpaka saa kumi na moja jioni.

Binti Raskazone
Kaka, kama wanasimama pembeni uliza kioo ni IPS au VA, ni aina mbili za vioo bapa. VA nyeusi yake ni nzito, tofauti ya mwanga na giza hufika 3000 kwa 1 au zaidi, IPS ni kama 1000 kwa 1. Lakini VA ukiitazama kwa ubavu rangi zinapauka, na kwenye banda lenye mwanga wa mchana huo weusi mzito hakuna atakayeuona. Tafuta IPS yenye uso usiong'aa.

Kuhusu uchambuzi niseme kidogo, maana naufuatilia sana. Mchambuzi anasema kweli ya chumbani kwake: pazia limefungwa, anacheza peke yake. Mnalikumbuka gemu la Cyberpunk 2077? Ilitoka 10 Desemba 2020. Nakala zilizotangulia kwa wachambuzi zilikuwa za kompyuta, wengi wakatoa 9 kwa 10. Wenye PS4 wakalipa kwa kuamini alama zile, wakakuta gemu linaganda na kujizima. Tarehe 18 mwezi huo huo Sony, wenye PlayStation, wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. Alama ilikuwa ya mashine nyingine kabisa! Siku hizi kabla ya kutazama alama natafuta kwanza: alichezea mashine gani, kioo gani, watu wangapi. Asiposema, siendelei kusoma.

Kipa wa Mabawa
Hilo nakubali dada, ila tusiwatupe wachambuzi wote. Konami, watengenezaji wa PES, walipoacha jina hilo wakatoa eFootball Septemba 2021, uchambuzi ulikuwa mkali na sisi wa PES tukabisha. Tulipoicheza wenyewe tukaona wamesema kweli.
Na OLED naiondoa kwa banda. Ya nyumbani sibadili neno.

MvuviDeepSea
Stebilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) kwanza, kioo baadaye. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache. Na huku kwetu hewa ya chumvi inakula matundu ya HDMI, usiku funika kwa kitambaa kikavu.

MwanaNgamiani
Wakuu, wiki mbili zimepita, naleta majibu. Nilibeba PS4 mpaka dukani, muuzaji akaniruhusu kujaribu. Simu yangu inapiga video ya picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ni kama milisekunde 4. Nikapiga kidole na kioo pamoja, nikahesabu kuanzia kitufe kinapozama mpaka mchezaji anapoanza kutikisika. TV ya 43 kama ilivyotoka kwenye boksi: picha 38. Nikaingia kwenye menyu nikaweka mpangilio wa gemu: 22. Monita: 20.

Tofauti ya mbili haisikiki mkononi, tofauti ya 16 inasikika sana. Na monita haikuwa na spika. Nikachukua TV ya inchi 43, IPS, ya 1080p si 4K, hela iliyobaki ikatosha stebilaiza. Rimoti naifungia kwenye droo, asije mtu akarudisha mpangilio wa filamu.

Fundi, swali la mwisho. Chogo moja ya PS2 tangu jana imeweka doa la kijani kona ya kulia. Nikuletee?

FundiMakorora
Kuna kitu kipya umekiweka upande huo?

MwanaNgamiani
Spika ya muziki.

FundiMakorora
Ni sumaku ya spika. Isogeze mbali, zima chogo kwa kitufe chake, iache ipoe nusu saa, kisha iwashe. Ile "dung" utakayoisikia ndiyo inayosafisha. Doa likibaki, rudia mara mbili tatu. Likigoma, njoo nayo Jumamosi.