Lindisfarne bila kiingilio: upande wa kanisa, upande wa ngome, au fukwe za kaskazini?

MamaNasra_Gateshead

Assalaam alaykum na habari za jioni wote. Likizo ya shule imefika na mfuko umekonda. Watoto wanataka kisiwa, na mimi nimeamua Lindisfarne, kule Northumberland. Tutakuwa watano: mimi, baba yao, watoto wawili (wa miaka kumi na wa sita) na mama mkwe, ambaye magoti yake hayaelewani na vilima. Gari tunalo.

Nimeshapiga hesabu. Magofu ya monasteri yako chini ya English Heritage, ngome iko chini ya National Trust, na kote huko mnalipa mlangoni. Familia nzima ikiingia kote kuwili, bajeti ya wiki imekwisha. Kwa hiyo naulizia vya bure peke yake. Kila mtu ananitajia chake: kanisa, bustani, matanuri, sili, fukwe. Tukiwa na saa tano hivi za kukaa kisiwani, tushike kipi na tuache kipi?

Chande_NE

Dada, kabla ya yote fungua jedwali la maji la Northumberland County Council. Barabara ya kuingia kisiwani inafunikwa na bahari mara mbili kila siku. Kwa kawaida inafungwa kama saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa mpaka saa tatu hivi baada ya hapo, na nyakati husogea kila siku, kwa hiyo jedwali la juzi halikusaidii leo. Wakati wa bamvua ongeza uangalifu.

Njiani utaona kibanda cheupe juu ya nguzo ndefu. Hicho ni cha kupandia walioshikwa na maji. Kila mwaka kuna gari linabaki pale limezama hadi madirishani na boti ya uokoaji inatoka Seahouses kwenda kuwachukua wenyewe. Wengi wao jedwali walikuwa nalo, ila walijiambia "dakika kumi tu, tutawahi".

Gharama ambayo hutaikwepa ni maegesho pale mwanzo wa kijiji. Mengine yote nitakayotaja ni bure.

Kura yangu ni upande wa kanisa. Kanisa la St Mary's liko ubavuni mwa magofu, na sehemu za kuta zake ni za kabla ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka 1066. Ndani kuna sanamu kubwa ya mbao ya mchongaji Fenwick Lawson: watawa sita wamebeba mabegani jeneza la Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu wa kisiwa hiki. Msikae mbali nayo. Sogeeni muone nyuso, mbao imepasuka-pasuka kwa kukauka na mipasuko imepita mashavuni kama makunyanzi. Wazungukeni watoto waulize maswali. Hadithi yenyewe ni kwamba Cuthbert alifariki mwaka 687, Waviking wakavamia kisiwa mwaka 793, na mwaka 875 watawa wakaona hapakaliki, wakabeba mwili wake wakaondoka. Leo amezikwa kwenye kanisa kuu la Durham.

BintPate

Chande umesema kanisa ukasahau uwanja wake! Nyuma ya kanisa kuna jiwe ambalo bibi harusi wa kisiwani huliruka akishafungishwa ndoa, huku wavuvi wawili wazee wamemshika mikono huku na huku. Akivuka bila kujikwaa, ndoa ina heri. Binti wa miaka kumi mtampoteza hapo, atataka kuruka mpaka achoke.

Na hapo uwanjani magofu mnayaona vizuri tu juu ya ukuta, pamoja na ule upinde mmoja mwembamba uliobaki hewani baada ya mnara kuanguka. Mkitaka kuyaona yote kwa juu, pandeni Heugh, kile kilima cha mawe kinachotenganisha monasteri na bahari. Si kirefu, lakini bibi asipande upande wa ngazi. Juu kuna mnara wa zamani wa walinzi wa pwani, kuingia bure, una vioo pande zote. Kuna pia msalaba wa kumbukumbu ya vita uliosanifiwa na Edwin Lutyens. Huyo ndiye aliyeigeuza ngome kuwa nyumba ya kuishi, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900. Kazi yake ya ngomeni inalipiwa, ya Heugh hailipiwi.

Sasa mimi kinachonipeleka pale ni sili. Maji yakipwa wanalala kwenye mafungu ya mchanga ng'ambo kidogo, na upepo ukiwa mzuri mnawasikia wakilia. Sauti ni ya ajabu, kati ya kuomboleza na kuimba. Bebeni darubini ndogo.

FundiBomba_Leeds

Habari za jioni. Nawaheshimu wote wawili lakini kwa familia yenye mtoto wa miaka sita, kanisa na makaburi saa tano? Atawasumbua. Mimi nasema upande wa ngome.

Tembeeni kutoka kijijini kwenda ngomeni, ni kama maili moja, njia tambarare karibu yote, bibi anaweza kwenda taratibu. Mnapita bandarini, ambako mashua za zamani za kuvulia heringi zimekatwa, zikapinduliwa chini juu na kutiwa milango, zikawa stoo za wavuvi. Zimepakwa lami nyeusi. Mtoto wangu alikataa kuamini kuwa ziliwahi kuelea.

Halafu ngome yenyewe msiingie, zungukeni chini yake mpaka upande wa pili. Hapo ndipo penye kitu watu wengi wanakipita: matanuri ya chokaa ya miaka ya 1860. Ni jengo zima la mawe lenye vichochoro vya tao ndani, unaingia, ni baridi, sauti inarudi. Mawe ya chokaa yalichimbwa kaskazini ya kisiwa yakaletwa kwa mabehewa ya reli, makaa yakaja kwa meli kutoka Dundee, na chokaa ikarudi Scotland kwa meli hizo hizo. Sisi tuliokulia pwani tunajua chokaa ya matumbawe inavyochomwa juu ya kuni, lakini huku walijenga tanuri la ukubwa wa msikiti wa mtaa. Kuona ni bure.

Kaskazini ya ngome kuna bustani ndogo yenye ukuta wa mawe, ilipangwa na Gertrude Jekyll mwaka 1911, pale walipokuwa askari wakilima mboga. Nayo haina kiingilio. Julai na Agosti inachanua kweli kweli. Msimu mwingine ni ukuta na udongo, nisikudanganye.

Chande_NE

Fundi, matanuri nakubaliana nawe mia kwa mia. Bustani sikubali. Dakika tano umeshaimaliza.

FundiBomba_Leeds

Bibi atataka dakika thelathini, kaka. Kuna benchi na ukuta unakata upepo. Umeshasahau upepo wa kule?

Mwinyi_Hull

Mie nakuja na la tatu. Wote mnawasukuma watu kule kule kwenye umati. Siku ya likizo kijiji kinajaa, foleni ya aiskrimu inafika barabarani. Ukivuka vilima vya mchanga kwenda kaskazini unakuta fukwe ndefu na watu wa kuhesabu. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya viumbe, tangu mwaka 1964. Kwenye ncha ya kaskazini mashariki, Emmanuel Head, kuna piramidi nyeupe ya mawe iliyojengwa ili mabaharia wajue walipo. Kutoka ngomeni mnaweza kufuata ile njia ya zamani ya mabehewa aliyoitaja Fundi, kwa sababu machimbo yalikuwa huko huko.

Wakati wa baridi ni bora zaidi kwa mwenye kupenda ndege. Bata bukini wanashuka kutoka Svalbard, visiwa vya kaskazini ya mbali, maelfu yao, wanajaza tope la pwani.

Jambo moja la kukera: vilimani kuna magugu yaliyotoka New Zealand, mbegu zake zina vijindoano na zinanasa kwenye soksi, kamba za viatu, manyoya ya mbwa. Ng'oeni zote kabla ya kuingia garini, vinginevyo mnaipeleka mbegu Gateshead.

BintPate

Mwinyi, mama mkwe mwenye magoti mabovu umpandishe vilima vya mchanga? Hebu.

Mwinyi_Hull

Bibi abaki benchini kwa Fundi 😄 Sijasema wote waende. Baba na watoto waende, mama na bibi wakae bustanini. Familia si gwaride.

MamaNasra_Gateshead

Mnanichekesha. Asanteni sana. Swali jingine: kuna mtu kazini ameniambia tuvuke kwa miguu kwenye mchanga, ile njia ya mahujaji yenye nguzo. Ni bure na watoto wataikumbuka. Mnaonaje?

Chande_NE

Kwa safari hii, hapana. Njia ni maili tatu hivi za mchanga na tope, pengine mnavuka vijito maji yakiwa magotini. Na nyakati za magari zilizo kwenye jedwali si nyakati za wenda kwa miguu! Kwa miguu mnaanza maji yakiwa bado yanapwa na mnatakiwa muwe mmefika ng'ambo kabla hayajaanza kurudi. Watu wazima wenye afya, wakiwa na mtu anayeijua njia, sawa, ni safari nzuri sana. Ndiyo njia iliyotumika kabla barabara ya magari haijajengwa mwaka 1954. Mtoto wa miaka sita mtambeba nusu ya safari.

Ladha ya njia ile mnaweza kuipata kwa udogo: kile kijisiwa cha Cuthbert, hatua chache tu kutoka ufukwe ulio chini ya kanisa. Maji yakipwa mnavuka kwa miguu, kuna msalaba na mabaki ya kanisa dogo. Ndipo Cuthbert alipokuwa akijitenga kuomba kabla hajahamia kisiwa cha Farne. Mawe yana mwani unaoteleza, vaeni mabuti. Na hapo jedwali la barabara lisiwatie moyo, kijisiwa kina maji yake. Mkiona maji yanaanza kusogea, rudini.

BintPate

Na ufukweni hapo watoto watafute "shanga za Cuthbert". Ni vijiwe vidogo vya mviringo vyenye tundu katikati, saizi ya punje ya choroko au kubwa kidogo. Ni mabaki ya mnyama wa baharini aliyekuwa na shingo ndefu ya vipande vipande, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Zamani watu walivitunga wakafanya tasbihi. Mnainama, mnachambua changarawe, saa nzima inapita bila mtoto kuomba simu. Mkipata pigeni picha muache, ni hifadhi.

Kasimu_WhitleyBay

Nimechelewa kwenye mjadala. MamaNasra, mbona unaenda mbali? Kutoka kwako Lindisfarne ni zaidi ya saa nzima ya gari. Hapa Whitley Bay tuna St Mary's Island, unakuja na Metro kisha basi au miguu. Nayo ina njia inayofunikwa na maji, ina mnara mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1898 na kuzimwa mwaka 1984, ina vidimbwi vya mawe vyenye kaa na konokono, na sili wanakuja. Kupanda mnara ndiko kunakolipiwa, kutembea kisiwani hakulipiwi. Mvua ikinyesha mko nyumbani baada ya muda mfupi. Lindisfarne mvua ikinyesha mnakaa garini mnatazamana.

FundiBomba_Leeds

Kasimu ana hoja kwa upande wa mafuta ya gari. Lakini St Mary's unaizunguka yote kabla chai haijapoa. Kwa jioni baada ya shule ni tamu. Kwa siku nzima, hapana.

Mwinyi_Hull

Kama barabara itakuwa imefungwa mkifika, nendeni Bamburgh, si mbali. Jumba la makumbusho la Grace Darling ni la RNLI, shirika la boti za uokoaji, na halina kiingilio. Ni binti wa mlinzi wa taa, mwaka 1838 alipiga makasia na baba yake kwenye tufani kuwaokoa watu wa meli ya Forfarshire iliyovunjika mwambani. Ufukwe chini ya ngome ya Bamburgh nao ni bure, mpana ajabu.

MamaNasra_Gateshead

Nimefungua jedwali. Siku tunayotaka barabara inafunguka saa tatu na nusu asubuhi, inafungwa saa kumi na dakika hamsini jioni. Nimepanga hivi: tukifika tu, bandarini na matanuri, miguu ikiwa bado mizima na umati haujafika. Bibi bustanini na chupa yake ya chai. Mchana turudi kanisani, jiwe la bibi harusi, watoto na baba yao wapande Heugh kusikiliza sili, mimi na bibi tusubiri chini. Shanga mwisho, na kijisiwa kama maji yataruhusu. Kaskazini tunaiacha, Mwinyi nisamehe. St Mary's tutakuja jioni yoyote, Kasimu.

Chakula nabeba: chapati, mayai, na maharage ya jana.

Mwinyi_Hull

Umesamehewa. Chapati ifunge vizuri, shakwe wa bandarini hawana adabu.

Chande_NE

Mpango safi. Ila badilisha kitu kimoja: kijisiwa usikiweke mwisho. Kwa nyakati hizo maji yatakuwa chini kabisa karibu saa saba mchana, kwa hiyo kijisiwa kwanza mkitoka ngomeni, halafu kanisa na Heugh. Mafungu ya mchanga bado yatakuwa wazi na sili watakuwepo. Saa tisa na nusu muwe mmeanza kurudi kwenye gari, maana kutoka maegeshoni huwa kuna foleni. Wote wamesoma jedwali hilo hilo.