Ati Mitsubishi Lancer GSR ni debe? Yule bwana ashike adabu yake!

Wadau, natetemeka nikiandika. Yule bwana wa gari refu jeusi, mnamjua, leo amenikuta naosha gari akanigongea boneti kwa ufunguo. Ko! Ko! Ko! Mke wangu yupo, watoto wapo. Halafu anauliza, "Hili debe lilishinda nini?"

LILISHINDA NINI? Hii ni Lancer 1600 GSR, milango miwili, kabureta mbili! Ndiyo aina aliyoiendesha Joginder Singh kwenye Safari Rally ya 1974, David Doig akimsomea njia, Waldegård na Porsche 911 yake wakaambulia nafasi ya pili. Porsche! 1976 Joginder akashinda tena, na nyuma yake Lancer ya Ulyate, kisha Lancer ya Cowan. Moja, mbili, tatu, kwenye matope ya kumeza ng'ombe. Gari la yule bwana likiona tuta la mtaani linaomba maji.

Ko ko ko, kwa ufunguo! Marehemu baba alikuwa akiipangusa boneti hiyo kwa fulana kuukuu kila Jumapili, na sisi watoto tulikatazwa hata kuiegemea. Sasa ina mikwaruzo mitatu. Nimeimulika kwa tochi. Wa tatu ni mrefu kama barabara ya Mombasa.

Kabureta_Mbili: Huyo huyo! Mwezi jana aliegesha langoni kwangu tangu asubuhi hadi magharibi. Nikimuuliza, ananiuliza mimi ni nani.

MamaSpea: Pole kaka. Lakini mikwaruzo mitatu, mbona unatuitia matanga?

Mzee_wa_Violet: Kijana, tulia. Shekhar Mehta alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, na Datsun Violet. Wewe una mbili unapiga kamsa?

Mwenye uzi: Mzee, shikamoo, lakini Joginder alikuwa na tatu kabla Mehta hajashinda na hiyo Violet. Hesabu na Volvo ya 1965. Na wewe hujagongewa boneti!

504_Haifi: Peugeot je? 1975 na 1978! Iliyobeba harusi, maiti na viazi vya nchi hii ni 504, si hivyo vigari vyenu vya milango miwili.

Mzee_wa_Violet: Ya 1978 ilikuwa coupé, ya milango miwili, injini ya V6 yenye silinda sita. Usiichanganye na ile ya viazi.

504_Haifi: Mzee, 504 ni 504!

Mwenye uzi: Jamani, KO KO KO, kwa ufunguo!

MamaSpea: Kwani hizo kabureta mbili mnatengenezewa na nani? Fundi wangu ananiambia "kesho" tangu Februari.

Kabureta_Mbili: Yule mwenye kofia ya kijani? Ana kabureta yangu tangu Pasaka. Niliikuta kwenye beseni la mafuta ya taa, nusu yake haipo.

504_Haifi: Kumbe ni huyo! Alichukua arubuni yangu ya gasketi akahama na banda lake.

MamaSpea: Amehamia wapi? Namba yake haipatikani. Mwenye mpya aiweke hapa.